Intalinki na puling kwenye barabara za Uganda: mwongozo kamili, kuanzia hesabu za tajiri mpaka breki ya ekseli ya mwisho

Wazee wa barabara, habari za safari. Na nyinyi matajiri mnaotaka kuongeza trela ya pili, someni hapa kwanza kabla hamjaenda benki. Ukikaa mpakani Malaba, kati ya Kenya na Uganda, ukingoja karatasi hukosi mtu wa kukuambia gari ndefu ndo pesa, ati Australia wanavuta trela tatu kwa kichwa kimoja (lile gari la mbele lenye injini) na sisi huku tumelala. Ni kweli wanavuta, zile treni zao za barabarani zinafika mita 53.5 na zinapita tani 100, lakini zinapita nyika tupu, barabara imenyooka, hakuna boda, hakuna mama wa gonja, zile ndizi za kuchoma, anakimbilia dirisha pale Namawojolo. Sisi gari ndefu yetu ni mita ishirini na kitu, na sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inakufungia tani 56 jumla, hata uweke ekseli ngapi. Hiyo 56 ndo inaamua kama utapata faida au utachoma dizeli bure, kwa hiyo tunaanza nayo.

Kwanza tuelewane. Semi ni kichwa na trela moja. Puling ni lori lenye bodi yake, alafu nyuma linavuta trela nzima kwa chuma cha kuvutia. Intalinki ni kichwa na trela mbili, ya kwanza fupi, na mgongoni kwake kuna tantebo nyingine (ile sahani inayoshika pini ya trela) inayobeba ya pili. Ile ya Afrika Kusini ya mita 22 ndo watu wengi wameizoea, deki ya mita 6 mbele na ya mita 12 nyuma.

1. Hesabu: urefu unalipa lini

Kwa tairi nne kila ekseli, ya usukani inaruhusiwa tani 8 (hiyo ina tairi mbili tu), ekseli mbili pamoja tani 18, tatu pamoja tani 24. Semi ya ekseli 6 ni 8 na 18 na 24, jumla 50. Intalinki ya ekseli 7 ni 8 na 18 mara tatu, ingefika 62, lakini pale mzani unakukata kwenye 56. Umeongeza tani 6, sivyo? Ngoja sasa. Hiyo trela ya ziada yenyewe ni chuma, ina tairi, ina tantebo. Tuseme semi yako tupu ni tani 16, unabeba 34. Intalinki tupu tuseme 19.5, unabeba 36.5. Umepata tani mbili na nusu tu bana.

Weka dizeli sasa, hizi ni namba za mfano, wewe weka zako. Semi inakunywa lita 45 kwa kilomita 100, intalinki lita 52. Mzigo ukiwa mzito kama klinka (ile inayosagwa kuwa simenti), chuma au simenti, semi inatumia lita 1.32 kusogeza tani moja kilomita mia, intalinki 1.42. Yaani umenunua gari ndefu, tairi zaidi, breki zaidi, dereva amechoka zaidi, na kila tani inakugharimu zaidi ya zamani. Lakini chukua kontena nyepesi, za nguo, vyombo vya plastiki, magodoro, bidhaa za dukani zinazojaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Hapo semi inabeba ya futi 40 moja, intalinki inabeba ya 40 na ya 20 pamoja. Ukihesabu kwa futi 20, semi inakula lita 22.5 kwa kila moja, intalinki 17.3. Hapo sasa tunaongea biashara.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: kama mzigo wako ni wa uzito, baki na semi nzuri. Kama ni wa nafasi, gari ndefu itakulipa. Na kama unarudi tupu mpaka Mombasa, na wengi mnarudi tupu manake tunaagiza kuliko tunavyouza nje, basi hesabu safari zote mbili pamoja, usihesabu ya kuja peke yake.

Wale wanaosema "nitaongeza kidogo tu juu ya 56", sikilizeni. Kule Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 waliendesha malori juu ya barabara za majaribio kutwa kucha kuona nini kinaharibu lami, na kilichotoka pale ni kwamba uharibifu unapanda kwa uzito wa ekseli kama umeuzidisha mara nne kwa wenyewe. Ekseli ya tani 10 ukiipakia 12 haiharibu asilimia 20 zaidi, inaharibu mara mbili. Yale mashimo mnayolalamika yanakula springi zenu, mengine tumeyachimba sisi wenyewe.

2. Njia na karatasi

Usifunge trela ya pili kabla hujaulizia kibali. Intalinki sio semi, na kila nchi utakayopita inataka uonyeshe umeruhusiwa, kwa hiyo ukitoka Mombasa kwenda Kampala alafu Kigali ulizia zote tatu. Pima uzito wa kila kundi la ekseli kabla hujatoka, sio jumla tu, kwa sababu unaweza kuwa na tani 54 halali kabisa na bado ukashikwa Magamaga au Lukaya sababu ekseli za katikati zimepita 18.

Alafu njia. Watu wanajua njia kuu, hawajui njia ya pembeni, na ya pembeni ndo itakuua. Mei 2023 daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka lilikatika, magari yakazungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule, Villa Maria. 2024 daraja la Karuma nalo likafungwa kwa matengenezo, wa Gulu na Elegu wakatafuta njia nyingine. Semi inaweza kujikokota kwenye njia kama hizo. Gari ya mita 22 ukiiingiza kwenye murram (barabara ya changarawe) yenye kona ya centa ndogo ya maduka, ukakuta lori lingine limekwama mbele, huwezi kurudi nyuma. Nasema huwezi, sio ngumu. Puling ina viungo viwili vinavyopinda, intalinki vivyo hivyo, ukirudisha mita chache mkia unaenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka jua sehemu mbili tatu za kugeuzia kila baada ya mwendo fulani, na ukisikia daraja limefungwa simama uwanja mpana upige simu, usifuate msafara tu.

3. Kufunga na kukagua

Hapa usiwe na haraka hata kama mteja anapiga simu kila dakika.

Panga gari lote limenyooka, uwanja uwe sawa. Rudisha kichwa polepole mpaka tantebo iguse trela, iinyanyue kidogo, sio iigonge. Ikilia kufunga usiamini sauti. Shuka na tochi, ingia chini, angalia kwa macho: taya zimekumbatia kingpini (pini ya trela) kwa nyuma, na kati ya sahani ya trela na tantebo hakuna mwanga unapita. Ukiona mwanga, trela imekaa juu ya pini, haijafunga, na itakuacha kwenye tuta la kwanza. Alafu funga breki za trela, vuta mbele taratibu kwa gia ya chini kuijaribu. Rudia yote kwa trela ya pili. Kwa puling angalia jicho la chuma cha kuvutia limeliwa kiasi gani na pini yake ina kufuli.

Paipu za upepo: nyekundu ndo inapeleka upepo kwenye matangi ya trela, njano ndo inapeleka amri ya mguu wako. Futa matope kwenye raba kabla hujaunganisha, mchanga kidogo tu unavujisha. Unganisha na waya wa ABS (inayozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), usiuache unaning'inia eti taa ya dashibodi si kitu. Nyanyua miguu ya trela yote, alafu mkono wake uufunge mahali pake.

Sasa jaza upepo mpaka bar 8 hivi, zima injini, achia breki ya kupaki (gari liwe limewekewa mawe), kanyaga breki ushikilie dakika moja mshale ukiuangalia. Kwa gari la trela mbili ukishuka zaidi ya bar 0.4, yaani psi 6, kuna mahali panavuja na utatafuta mpaka upate. Mwambie tanboi (msaidizi wako) asimame kwenye ekseli ya mwisho kabisa, kanyaga uachie, kanyaga uachie, yeye aangalie zile fimbo za chemba zinatoka na kurudi pande zote mbili. Hii ndo kitu watu wengi wanaruka. Wanajaribu breki za kichwa, wanajaribu za trela ya kwanza, ya mwisho wanaidhania tu. Ajasta (mkono wa kurekebisha breki) ukiivuta kwa mkono isitembee zaidi ya sentimita 2.5. Ikitembea zaidi, hiyo breki ipo kwenye picha tu. Na toa maji kwenye matangi yote ya upepo, ya trela pia, msimu wa mvua kila siku.

Tairi: nyundo. Tanboi mzuri anajua kwa mkono, tairi yenye upepo nyundo inaruka kurudi yenyewe, iliyokufa nyundo inazama na sauti inakuwa nzito kama umepiga gunia. Ya ndani ndo muhimu manake haionekani, na pacha ikiwa imelala, mwenzake anabeba wawili, inachemka, inapasuka au inashika moto. Tairi za kutiwa kashata (raba ya juu) upya zisikae mbele kwenye usukani hata siku moja. Na ukibadilisha tairi njiani, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, tia alamu kwenye simu.

4. Kupakia

Mzito mbele, mwepesi nyuma. Ni hilo tu lakini linavunjwa kila siku, sababu bandarini kontena inayokuja kwanza ndo inapakiwa kwanza. Ukiweka ya futi 20 tupu mbele na ya 40 iliyojaa nyuma, umefunga jiwe kwenye mkia wa mbwa, na kila kichwa kikitikisika mkia utajibu. Kataa. Ngoja mashine ipange upya.

Twisti loki (kufuli za kwenye kona) zote nne za kila kontena zifungwe, uzihesabu mwenyewe kwa kuzigusa. Mzigo wa wazi kaza mikanda, alafu simama baada ya nusu saa ukaze tena, magunia yanashuka na mikanda inalegea. Mzigo mrefu kwenda juu, matoke, mbao, nyasi, ng'ombe wanaosogea wenyewe, unapinduka kwa mwendo ambao ungepita kona bila wasiwasi na simenti. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, mafuta yanarudi mbele na pembeni baada ya wewe kumaliza kufunga breki.

5. Kuendesha: kona, mkia, na wanaokupita

Kona kwanza. Mkia haufuati njia ya kichwa, unakata ndani. Kinachoamua sio urefu wa gari lote, ni umbali wa kila kipande kutoka pini mpaka ekseli zake, na kila umbali unazidishwa kwa wenyewe ndo unajumlishwa. Kwa mfano kichwa chenye mita 3.5 na trela yenye mita 7.7, ukizungusha mduara wa nusu kipenyo mita 15, tairi za nyuma zinakata ndani kama mita 2.6. Intalinki yenye 3.5, 5.5 na 7.5 inakata kama mita 3.8. Ongezeko ni mita moja na kidogo kwa gari refu zaidi kwa mita kadhaa, sio mbaya, ingekuwa trela moja ya urefu huo wote ingepanda ukuta. Lakini hiyo mita moja ndo boda aliyesimama kwenye kona ya raundi, anangoja abiria, anaangalia kichwa kimempita anadhani amepona. Kona ya kushoto ndo mbaya, upande wa tanboi. Yeye ndo macho, ashushe kioo, atoe kichwa, aongee. Kama hajui kuongea na dereva mapema, huyo ni abiria tu.

Mkia sasa. Ukikwepa shimo ghafla kwa mwendo, kichwa kinaruka kidogo, trela ya kwanza zaidi, ya mwisho zaidi tena. Kwenye puling trela ya nyuma inaweza kurushwa pembeni kwa nguvu kama mara mbili ya ile kichwa kilipata. Intalinki ni nafuu manake trela ya pili imekaa juu ya tantebo ya ya kwanza, zinashikana zisilale, wakati puling kile chuma kinaachia trela icheze peke yake. Kama unachagua kati ya hizo mbili na pesa ipo, mimi nachukua intalinki. Ila kwa zote mbili kanuni ni moja: shimo ambalo hukuliona mapema, lipite juu. Punguza mwendo, shika usukani, kubali kupoteza tairi. Kulikwepa kwa ghafla ukiwa na 70 ndo kunalaza trela, na mara nyingi dereva mwenyewe hajui mpaka aone kwenye kioo, kichwa chake bado kinaenda sawa.

Tupu je? Tupu ni hatari yake ingine. Breki zilizotengenezewa tani 56 zinashika tairi za trela tupu kirahisi, zinateleza, hasa lami ikiwa ndo imelowa mvua ya kwanza pale msitu wa Mabira ambapo majani na mafuta yameshikana. Kanyaga laini, acha nafasi.

Kuhusu kupitwa. Watu wanalaumu urefu wa gari lakini hesabu inasema kingine. Gari ndogo ina 80, wewe 60, ianze kupita ikiwa mita 25 nyuma yako na irudi mita 25 mbele. Kupita semi ya mita 16.5 itahitaji kama mita 280 za barabara, kupita intalinki ya mita 22 kama mita 305. Tofauti ni ndogo. Kinachoua watu ni malori matatu manne yamefuatana puani, yaani umegeuka ukuta wa mita mia na hakuna pa kuingilia katikati. Kwa hiyo acheni nafasi kati yenu, mita 80 au 100, gari ndogo iweze kuingia na kupumua. Najua mtasema ukiacha nafasi teksi zinaingia. Ndiyo, ziingie, ndo kazi yake hiyo.

Na ile tabia ya kumuonyesha wa nyuma kwa indiketa, kushoto ati pita, kulia ati ngoja, tuiache jamani. Wewe huwezi kuona kila kitu, na siku unakata kulia kwa kweli kuingia sheli yeye atadhani unamwambia kuna gari mbele, au atadhani unamchezea apite. Washa indiketa ukigeuka, basi. Macho yake atumie yake.

Usiku ukipita Kakira, Lugazi au kule Kinyara msimu wa miwa, jua kuna trekta zinavuta mabehewa ya miwa mawili matatu hazina taa nyuma hata moja. Hapo 50 inatosha kabisa.

6. Mteremko

Hapa ndo nataka mtu asome mara mbili. Gari la tani 56 likishuka mteremko wa asilimia 7 kwa 40 kwa saa, mlima unalisukuma kwa nguvu ya kilowati 380 hivi, ukishatoa msuguano wa tairi na upepo. Hiyo ni nguvu za farasi 500, kama injini nzima ya lori kubwa inafanya kazi kinyume chako. Ukishuka kwa 20 badala ya 40 inakuwa nusu. Hiyo nguvu lazima iende mahali. Ikienda kwenye ngoma za breki zinachemka, ngoma inatanuka inakimbia pedi, pedi zenyewe zinapoteza ukali, unakanyaga mpaka chini na gari halisikii. Ekzosti breki ya kawaida (inayobana moshi ili injini yenyewe ishike gari) peke yake haiwezi kumeza yote hiyo kwa 40, lakini kwa 20 inaweza kubeba sehemu kubwa.

Kwa hiyo unafanya hivi. Kabla ya kilele, sio baada, punguza mwendo na uingize gia. Gia ya kushukia iwe ile uliyopandia au moja chini yake. Washa ekzosti breki au retarda (breki ya ziada isiyotumia ngoma). Acha injini izunguke juu, usiogope kelele, ekzosti breki inafanya kazi vizuri mzunguko ukiwa mkubwa, ila usipite alama nyekundu. Mwendo ukizidi, kanyaga breki imara mpaka ushuke kama kilomita 8 hivi chini ya mwendo ulioupanga, achia kabisa zipoe, ngoja upande tena, rudia. Usiweke mguu juu ya breki muda wote kidogo kidogo, hiyo ndo inapika ngoma. Na usipampu haraka haraka, unamaliza upepo kwenye matangi na kwa trela mbili kompresa haikufikii kwa wakati. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta kwenye mteremko ni ujinga, sina neno lingine, na hakuna mafuta unaokoa: injini mpya ukiachia eksileta ikiwa ndani ya gia inakata dizeli kabisa, kwenye nyutro ndo inakunywa ili isizime.

Milima ya Kigezi, ukitoka Ntungamo kwenda Kabale mpaka Katuna, simama juu kabla ya mteremko mrefu. Pitisha nyuma ya kiganja karibu na hab (kitovu) ya kila tairi bila kugusa. Zote ziwe na joto linalofanana. Moja ikiwa ya moto sana, breki yake imeshika au beringi inakufa. Moja ikiwa baridi wakati zote zina joto, hiyo ndo haifanyi kazi, na wenzake wanabeba kazi yake. Watu wanatafuta ya moto tu, ya baridi wanaifurahia.

Ikitokea umekosa breki kabisa usingoje mwendo upande. Chagua mapema: ukingo wa mlima upande wa juu, murram ya pembeni, kichaka. Gari lililokwaruza ukuta wa udongo kwa 30 linatengenezeka.

7. Mafuta na usingizi

Upepo unaolikinza gari unapanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, 80 inakinzwa asilimia 30 zaidi ya 70. Malaba mpaka Kampala ni kama kilomita 220, kwa 80 ya moja kwa moja ungeokoa dakika 24, ambazo utazikalia zote kwenye foleni ya Mukono. Kwa hiyo 70, shika hapo. Pampu tairi asubuhi zikiwa baridi, na kila trela iwe na presha moja. Injini ikiunguruma bila kutembea inakunywa lita mbili tatu kwa saa, sasa fikiria foleni ya mpakani usiku mzima ukiwasha kwa ajili ya redio. Ekseli zikikaa kombo, trela inatembea upande kama kaa, tairi zinalika na dizeli inaondoka, simama nyuma yake kwenye barabara iliyonyooka utaona.

Matajiri, pimeni lita kwa kila safari, tupu kando na mzigo kando, mkiandika na uzito. Mkipima kwa mwezi hamtajua kama mafuta yameliwa na mlima, tairi, au bomba la kunyonya la wezi.

Usingizi nitasema kifupi. Ulaya sheria yao ni kuendesha masaa manne na nusu kisha mapumziko ya dakika 45, na masaa 9 kwa siku. Chukua hiyo hata kama hapa hakuna anayekushika. Foleni ya Malaba sio mapumziko, unasogeza gari kila dakika kumi usiku kucha alafu asubuhi unaruhusiwa tajiri anataka ufike Kampala mchana. Lala kwanza. Rolex (chapati na mayai) na soda havimwamshi mtu, vinamshibisha tu.

8. Likikufia barabarani

Toa gari lote kwenye lami kama linatembea hata kidogo. Kama halitembei, washa taa za hazadi, alafu pembetatu ya kwanza weka mbali, mita 100 na zaidi nyuma, ongeza kama uko baada ya kona au kilele, manake anayekuja lazima akuone kabla ya kona sio ndani yake. Weka na mbele pia, gari refu likikata barabara wa mbele naye haoni mwisho wake. Matawi yanasaidia mchana, usiku hayang'ai. Rifleta za pembeni za trela zote mbili zisuguliwe matope, gari la mita 22 likilala kombo gizani mtu anaona taa za kichwa anadhani anapita nyuma yake, kumbe kuna trela.

Ukiwa na mafuta na tanki limepinduka kazi ya kwanza ni watu. Namungoona 2013 na Kigoogwa 2024 watu walifika na ndoo na majerikeni kuchota, moto ukawakuta palepale. Zima injini, kata betri, kimbia upande upepo unakotoka, piga 999, piga kelele kwa Luganda, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote unayojua, usibaki kulinda mzigo.

Mkishatengeneza, tanboi arudi achukue pembetatu, na yale mawe mliyowekea tairi na matawi yote myatoe kwenye lami kabla hamjapanda, usiku kuna boda anakuja nyuma yenu bila taa.